Rova iliyumba usiku ambao programu ilikuwa kijani: jibu kwa mpima ardhi wa Mtwara

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpima ardhi, niko Mtwara, na kazi zangu nyingi ni mashamba ya korosho Tandahimba na Newala. Natumia GPS ya beisi (kipokezi kinachokaa mahali pamoja) na rova (kile ninachotembea nacho kupima). Septemba mwaka jana programu ya simu inayotabiri dhoruba za jua kwa akili mnemba ilinipa onyo jekundu siku mbili kabla, Kp 6 (Kp ni kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya dunia). Nikasimamisha kazi, vibarua nikawalipa bure, na hakikutokea kitu. Siku tisa baadaye programu ilikuwa kijani kabisa. Gari lilituchelewesha, tukamalizia mpaka wa shamba kwa tochi. Saa moja na nusu usiku rova ikaanza kuyumba: fiksi (imeshika mahali kwa uhakika), floti (inakadiria tu), fiksi, floti. Asubuhi nilipohakiki, bikoni (alama za mpaka) mbili kati ya tano zilikuwa zimekosea, moja kwa sentimita 47 na nyingine kwa sentimita 60, na mkorosho mmoja wa jirani umeangukia upande usio wake. Sasa muuzaji mmoja ananishawishi nilipie huduma mpya. Anasema hii ni akili mnemba inayojieleza, kwa hiyo haikosei, maana kila utabiri unakuja na sababu zake. Nilipie? Na ni kweli kwamba dhoruba ya jua ndiyo iliyotukatia intaneti Mei 2024? Mwisho, zile bikoni nizifanyeje? Familia mbili zinanisubiri."*

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimeishia kwenye ule mkorosho. Kwenye ramani sentimita 60 hazionekani, lakini kwa mwenye shamba huo ni mti uliopandwa na mtu anayemjua kwa jina. Nitakujibu kwa urefu. La bikoni nitaliweka mwisho, kwa sababu jibu lake linategemea haya mengine.

Hofu yako, kama nilivyoielewa, ni kwamba mashine ya kwanza ilikudanganya na unataka kujua kama ya pili itasema kweli. Lakini katikati ya hadithi yako kuna jambo limejificha. Onyo jekundu na usiku wa rova ni maradhi mawili tofauti. Ulionywa juu ya dhoruba ya sumaku ya dunia. Kilichokupata usiku ule, kwa dalili zote ulizozitaja, ni mapovu ya plazma (gesi yenye chembe za umeme) ya ukanda wa ikweta. Yote mawili chanzo chake ni jua, ila la kwanza huletwa na tukio kubwa huko juani, na la pili huja lenyewe jioni tulivu ambayo jua halijafanya lolote la ajabu. Mashine iliyofunzwa kutabiri la kwanza, ijieleze isijieleze, haitakuokoa na la pili.

Tuanze na lile jekundu.

Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Likifyatua wingu la plazma lenye sumaku ndani yake, wingu hilo husafiri saa 15 hivi likiwa na mbio sana, au siku tatu, nne, likienda taratibu. Wataalamu huliona likitoka kwa msaada wa vyombo kama SOHO, kilichorushwa mwaka 1995, na chombo cha SDO, ambacho kimekuwa kikilipiga jua picha usiku na mchana tangu 2010. Saa ya kufika wanaweza kuikadiria, wakikosea kwa saa kadhaa. Kuna jambo moja tu wasiloweza kuliona wingu likiwa mbali, nalo ndilo linaloamua kila kitu: sumaku iliyomo ndani ya wingu imeelekea wapi. Uga wa sumaku wa dunia, upande ule unaotazamana na jua, umeelekea kaskazini. Wingu likija na sumaku iliyoelekea kusini, nyuga hizo mbili hushikana, mlango hufunguka na nishati huingia. Likija na sumaku ya kaskazini, hupita pembeni na sisi hatuhisi kitu. Mwelekeo huo hupimwa wingu likishavifikia vyombo kama ACE, vilivyo kilomita milioni 1.5 mbele yetu kuelekea jua. Kutoka hapo hadi duniani zimebaki dakika 15 hadi 60.

Kwa hiyo onyo la siku mbili kabla ni sawa na nahodha wa Mikindani anayeona wingu jeusi limetanda upande wa Msumbiji. Wingu analiona, lakini hawezi kuapa kwamba litamwagika juu ya chombo chake. Programu yako haikukosea kuonya. Ilikosea kukupa rangi nyekundu tupu, bila kukuambia uhakika wake ni kiasi gani na kitu gani bado hakijajulikana. Ungejua kwamba mwelekeo wa sumaku bado ni fumbo, pengine usingewalipa vibarua bure. Ungewaita asubuhi na kuendelea na kazi huku ukitazama.

Halafu kuna hiyo namba yenyewe, Kp. Watu wengi huichukua kama kipimajoto cha dunia nzima. Kp hutengenezwa kwa vipimo vya vituo 13 vya sumaku, vingi vikiwa Ulaya na Amerika Kaskazini, viwili vikiwa Australia na New Zealand. Afrika hakuna hata kimoja. Ni kipimo kizuri kwa kazi kiliyoundiwa, yaani kueleza mtikisiko wa sumaku katika latitudo za kati na za juu, huko ambako mianga ya ncha za dunia huonekana na nyaya ndefu za umeme huathirika. Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliwazimia umeme watu wapatao milioni 6 wa Quebec, Kanada, kwa saa tisa hivi. Lakini ukitaka kujua rova itafiksi au haitafiksi Tandahimba saa moja usiku, Kp ni shahidi aliyekuwa mji mwingine. Tena dhoruba ya sumaku wakati mwingine huyazuia mapovu ninayotaka kukueleza yasitokee kabisa. Rangi nyekundu ingeweza kuwa ndiyo jioni yako nzuri.

Sasa usiku ule. Hapa naomba tukae, maana ndipo ulipo mzizi.

Kuanzia kilomita 80 hivi juu yetu hadi kama 1,000, mwanga wa jua hung'oa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa. Tabaka hilo ndilo ionosfea. Setilaiti za GPS ziko juu zaidi, kilomita 20,200, kwa hiyo kila wimbi linaloifikia rova yako limelivuka. Mchana, katika ukanda wa ikweta ya sumaku, elektroni husukumwa juu kama chemchemi, kisha huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku na kulundikana pande mbili, kaskazini na kusini. Kumbuka hapa nasema ikweta ya sumaku. Ile ya ramani inapita Kenya na Uganda, lakini ya sumaku, upande wetu huu wa Afrika, inapita Ethiopia. Kutoka pale hadi Mtwara ni nyuzi 20 hivi, na lundo la kusini huangukia maeneo yetu. Wanasayansi wa Tanzania wameshatumia vipimo vya kipokezi cha GPS kilichowekwa Mtwara kuchunguza lundo hili, kwa sababu mji huu umekaa pazuri kwa kazi hiyo. Pazuri kwa mtafiti. Kwa mpima ardhi ni pagumu.

Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfea hupoteza elektroni haraka, kwa kuwa hewa ya huko ni nzito zaidi na elektroni hurudi upesi kwenye chembe zake. Sehemu ya juu hubaki imejaa. Isitoshe, wakati uleule wa machweo msukumo wa umeme hulinyanyua tabaka zima juu zaidi. Matokeo yake, kizito kimekaa juu ya chepesi. Mimina maji juu ya mafuta ya nazi kwenye glasi utazame: mafuta hayatulii chini, hupenya na kupanda kwa vidole na matone. Huko juu hutokea vivyo hivyo. Plazma nyepesi hupanda ndani ya nzito kama mapovu, kisha mapovu hujinyoosha kwa kufuata mistari ya sumaku kaskazini na kusini hadi kutufikia sisi. Na kwa kuwa yanakuja kupita ndani ya lile lundo nene, kingo zake kwetu huwa kali sana.

Wimbi la setilaiti likipita kwenye kingo hizo humemetuka, kama unavyoona mwanga ukicheza kwenye mchanga chini ya maji ya kina kifupi pale ufukweni. Rova yako hupima kwa kuhesabu mawimbi, na wimbi la masafa ya kwanza ya GPS lina urefu wa sentimita 19 tu. Nguvu ya wimbi ikianguka ghafla, hesabu inaruka. Hapo ndipo unapoona floti. Lakini hatari kubwa zaidi ni pale inaporudi fiksi ikiwa imeshika hesabu isiyo sahihi, na kwenye kioo inakuonyesha sentimita mbili za uhakika. Bikoni zako mbili, naamini, zilipigwa katika fiksi ya namna hiyo.

Mapovu haya yana ratiba. Kwetu hupendelea Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, kati ya saa moja usiku na saa sita usiku, na huzidi katika miaka ambayo jua limechangamka. Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, na kilele kama hicho hakishuki kwa mwaka mmoja. Wewe ulikuwa shambani Septemba, saa moja na nusu usiku. Dalili gani nyingine ningeomba?

Hapo sasa tunaweza kuzungumza juu ya akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoiita.

Mashine hizi hufunzwa kwa miaka ya vipimo: kasi ya upepo wa jua (plazma inayotiririka kutoka juani), msongamano wake, mwelekeo wa sumaku yake, picha za madoa ya jua. Huonyeshwa hali ilivyokuwa na kilichofuata, mamilioni ya mara, mpaka inajifunza kukisia. Mwaka 2025 NASA na IBM walitoa mashine kubwa ya aina hii waliyoiita Surya, iliyofunzwa kwa miaka tisa ya picha za SDO. Ni kazi ya kweli na mimi naiheshimu. Lakini tazama tatizo linalotukabili sote: matukio makubwa ni machache mno. Kwa makadirio ya NOAA, dhoruba ya daraja la juu kabisa, G5, hutokea siku 4 hivi katika mzunguko mzima wa miaka 11, yaani siku 4 kati ya 4,000 na ushei. Mtu akitengeneza mashine isiyojua chochote, ikaandika kila siku "kesho hakuna G5", itapata alama 99.9 kwa mia. Kwa hiyo mtu akikuambia mashine yake ina usahihi wa asilimia 99, hajakuambia kitu bado. Muulize: kati ya dhoruba zilizotokea kweli, ilizikamata ngapi? Na kati ya maonyo iliyotoa, mangapi yalikuwa hewa?

Nini basi maana ya kujieleza? Mashine ya kawaida hukupa jibu peke yake: uwezekano wa dhoruba asilimia 70. Ndani yake kuna mamilioni ya namba ambazo hata aliyeitengeneza hawezi kuzisoma akaelewa. Mashine inayojieleza huongeza maelezo: kipi kiliisukuma kufika 70, na kwa kiasi gani. Njia inayotumika sana inaitwa SHAP, iliyoandikwa na Scott Lundberg na Su-In Lee mwaka 2017, na msingi wake ni hesabu ya Lloyd Shapley ya mwaka 1953 kuhusu namna ya kugawana faida kwa haki.

Wewe mtu wa pwani utaielewa upesi kuliko wengi. Chombo kimerudi na samaki wengi. Mafungu yanagawanywa: la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Lakini nani hasa alileta samaki? Shapley angesema hivi: fikiria safari zote zinazowezekana, hii bila nahodha huyu, ile bila nyavu zile, nyingine bila hiki wala kile. Kila mara tazama samaki wamepungua kiasi gani kwa kukosekana kwake. Chukua wastani wa upungufu huo, na hilo ndilo fungu lake halali. SHAP huufanyia utabiri jambo hilohilo. Huficha mwelekeo wa sumaku, huficha kasi, huficha msongamano, kwa mpangilio wote unaowezekana au kwa makadirio yake, kisha hukuambia: katika hizi 70, sumaku iliyoelekea kusini kwa saa mbili imeleta fungu kubwa, kasi ya kilomita 650 kwa sekunde imeongeza kidogo, na msongamano mdogo umevuta chini. (Namba hizi nimezitunga ili upate mfano.)

Faida yake ni kubwa, naisema bila kusita. Fizikia ya jambo hili tunaijua, kwa hiyo tunaweza kuihoji mashine. Ikitoa onyo kali ikasema sababu yake ni sumaku ya kusini, nakubali, maana huo ndio mlango ninaoujua. Ikitoa onyo hilohilo ikasema sababu kubwa ni tarehe ya mwezi, nastuka. Kwenye picha za jua kuna njia ya kuonyesha mashine ilikuwa ikitazama wapi. Tunategemea itazame kundi la madoa ambapo sumaku za pande mbili zimesokotana. Tukikuta inatazama ukingo wa picha au doa la kamera, tumejua imejifunza ujinga, kama mashine ya kuchambua korosho kwa picha ambayo imeshika rangi ya gunia badala ya kuangalia punje.

Lakini muuzaji wako amekuambia haikosei kwa kuwa inatoa sababu, na hapo, ndugu yangu, ndipo ninapokusihi usimame. Sababu inazotoa ni sababu za mashine. Zinaeleza kwa nini *yenyewe* imekisia vile, hazielezi jua lilikusudia nini. Mtu anaweza kukukosea na akakueleza kwa ufasaha kabisa jinsi alivyofikia kosa lake. Pia mafungu yenyewe yana udhaifu. Kasi ya upepo wa jua na joto lake hupanda pamoja mara nyingi, kama nahodha na msaidizi wake wasioachana hata safari moja. Ukitaka kujua ni nani kati yao mjuzi, hesabu itagawa fungu katikati au itampa mmoja bila sababu ya kweli. Na mashine haiwezi kueleza kisichokuwamo ndani yake. Kama haikupewa vipimo vya ionosfea ya kusini mwa Tanzania, haitasema "mapovu yanakuja Tandahimba". Itakupa sababu safi, zilizopangwa vizuri, za kijani.

Yuko mtafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Cynthia Rudin, ambaye mwaka 2019 aliandika kwamba pale penye maamuzi mazito tuache kuomba maelezo kutoka kwa sanduku lililofungwa, na badala yake tutumie mashine nyepesi ambayo mtu anaweza kuisoma tangu mwanzo. Wenzangu wengine hawakubaliani naye kwa kila kazi, na kwa picha za jua zenye mambo mengi naona sanduku kubwa lina nafasi yake. Kwa kazi yako wewe namuunga mkono. Mwezi gani, saa ngapi, jua limechangamka kiasi gani mwaka huu, jana usiku kulikuwaje: mambo manne hayo, mtu anaweza kuyaweka kwenye jedwali la ukurasa mmoja na kila mstari ukasomeka. Utabiri wa namna hiyo ungekuonya Septemba ile, wakati programu yako iko kijani.

Nilipie au nisilipie? Usilipie bado. Mwombe muuzaji akujibu mambo haya kwanza. Inatabiri Kp, au inatabiri kumemetuka kwa mawimbi mahali ulipo? Ilifunzwa kwa vipimo vya wapi, na vipo vyovyote vya Afrika Mashariki? Inaweza kukuonyesha Septemba na Oktoba iliyopita, jioni kwa jioni, ilisema nini na kilitokea nini? Akikujibu ya kwanza kwa "Kp", rudisha fedha mfukoni, kwa sababu taarifa za Kp hutolewa bure na kituo cha NOAA, na kwa bara letu kipo kituo cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, huko Hermanus, chenye watu wanaokesha saa 24 wakiangalia anga. Akija na majibu ya kweli kuhusu mapovu, jaribu kwa mwezi mmoja, tena uwe Machi au Septemba. Julai mapovu kwetu si mengi kama miezi hiyo, na kijani cha Julai hakikufundishi kitu.

Intaneti ya Mei 2024 naijibu kwa ufupi. Hapana. Kilichochanganya watu ni tarehe. Usiku wa Mei 10 na 11 ilipiga dhoruba ya G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003, na huko Marekani wakulima wa mahindi wanaoendesha mashine za kupandia kwa GPS kama yako walilazimika kusimama katikati ya msimu. Mei 12 intaneti ikaanguka Tanzania na kwa majirani. Lakini chanzo kilikuwa kukatika kwa nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, upande wa kusini. Na sisi wa Kusini tulikuwa tumetoka tu kupigwa na kimbunga Hidaya siku chache kabla, barabara ya Lindi imekatika, kila mtu anatafuta wa kulaumiwa. Matukio matatu ndani ya wiki mbili, na kila moja lilikuwa na chanzo chake.

Sasa ukiwa shambani ufanye nini? Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, funga kazi ya mipaka kabla ya magharibi. Hilo peke yake litakuokoa kuliko huduma yoyote ya kulipia. Ukilazimika kuendelea, anza na umalize kwenye nukta unayoijua, na kila bikoni ipimwe mara mbili: zima rova, washa upya, ngoja ifiksi tena, na vipimo viwili visipishane. Fiksi mbili za uongo ni nadra kukubaliana. Washa mifumo yote ambayo kipokezi chako kinaisoma, Galileo, GLONASS na BeiDou, kwa sababu povu halifuniki anga lote kwa mara moja, na setilaiti zilizo upande mwingine zinaweza kukubeba.

Weka na daftari. Kila rova ikiyumba andika tarehe, saa, mahali, setilaiti ngapi zilionekana, na chini ya mti au uwanjani. Ukurasa huo utakuambia ugonjwa ni upi. Ikiyumba usiku wa miezi niliyokutajia, ni anga. Ikiyumba saa tano asubuhi, usilisingizie jua. Ikiyumba kila unaposhuka kwenye miteremko ya uwanda wa Makonde, huenda redio ya beisi haikufikii. Ikiyumba chini ya mikorosho mikubwa tu, ni majani na mawimbi yanayoakisiwa. Mimi niliwahi kupoteza siku nne Nachingwea nikiamini ni ionosfea, na ilikuwa ni waya wa antena ulioliwa na panya. Daftari likionyesha tatizo linakuja mchana, popote, mwezi wowote, hapo acha kusoma majibu kama haya. Peleka kifaa kwa fundi mwenye vifaa vya kukipima, akague antena, waya na programu ya ndani.

Na bikoni? Usizisogeze peke yako, hata kama una hakika. Kwanza waambie familia zote mbili kwa pamoja, siku moja na mahali pamoja, kwamba vipimo viwili vya jioni ile vina kasoro na umeiona mwenyewe. Habari hiyo ikimfikia mmoja kabla ya mwenzake, itageuka kuwa kesi. Kisha mpate mpima wa halmashauri na mwenyekiti wa kijiji wawepo. Pimeni bikoni zote tano, zikiwamo tatu zilizotoka sawa, maana zilipigwa jioni ileile na huenda zimepata bahati tu. Fanyeni asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Ukiweza kupata totali stesheni, ambayo haihitaji setilaiti, itumie kwa umbali kati ya bikoni na bikoni. Kama huna, acha kipokezi kitulie juu ya kila nukta kwa nusu saa au zaidi, kisha fanya hesabu ofisini badala ya kutegemea fiksi ya papo kwa papo. Vipimo vya jioni ile usivifute. Viambatanishe kwenye faili pamoja na saa zake, ili mtu mwingine akija kuuliza miaka ijayo kwa nini mpaka ulisahihishwa, akute saa moja na nusu usiku, Septemba, imeandikwa kwa mkono wako.